Kimya cha Nyumba Yetu

3 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "haya" na "sawa" tu, na mtu hawezi kugombana vizuri na "sawa". Bahasha hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Naomba asiikalie.

Huku hatujambo. Hapa chumba cha kufulia cha hospitali mashine mbili kati ya tano zimekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi tatu tunayafua kwa mikono, na mikono yangu ukiiona sasa utadhani nimelala majini wiki nzima. Lakini sikukusudia kukupa habari za mashuka.

Jirani yako, yule fundi cherehani, alipita hapa kumwona mgonjwa wake. Akaniambia, kama mtu anayetoa habari za kawaida, kwamba Chiriku aliondoka katikati ya mtihani, na tangu siku hiyo nyumbani kwako hakusikiki neno. Alisema baba na binti wanapishana mlangoni kama wapangaji waliogombana. Nikamwuliza ni muda gani. Akasema wiki ya tatu sasa.

Niambie si kweli. Niambie hukumfanyia mwanao kile kimya cha Baba.

Labda umesahau kilivyokuwa, maana wewe hakikukupata hata siku moja. Hupigwi, hutukanwi. Sahani yako unaikuta mezani na nguo zako zinafuliwa pamoja na za wenzako. Ila hakuna anayekuambia neno, na ukiuliza hujibiwi, mpaka uende mbele ya Baba na neno lako la kwanza liwe "nimekosa". Ukianza na jingine lolote, hata "shikamoo", anageuza uso. Mama alifuata. Wewe nawe ulifuata, una miaka tisa, ukawa unanipita kama unapita kiti. Mimi nilikaa hivyo wiki tano, na nilikuwa mdogo kuliko Chiriku kwa mwaka mmoja.

Sisi angalau tulikuwa wengi, nilisikia wenzangu wakiongea wao kwa wao. Lakini tangu wifi atutoke, miaka minne sasa, mle ndani mmebaki wawili. Ukifunga mdomo wewe, nani amebaki wa kumsemesha mtoto? Na mtoto mwenyewe ndiye yule tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni.

Mwite leo. Mwulize kilichompata siku ile ya mtihani, kisha ukae umsikilize mpaka amalize. Ni hilo tu.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa imekunjika, kondakta aliikalia.

Fundi cherehani ana mdomo mrefu kuliko uzi wake. Hata hivyo alichosema ni kweli, na sina sababu ya kukificha.

Ulikuwa mtihani wa lugha, sehemu ya kusikiliza. Mwalimu anasoma habari mara mbili, wanafunzi wanaandika majibu. Mwalimu mkuu aliniita akanieleza. Anasema Chiriku alikaa kama dakika kumi akimtazama mwalimu usoni, kisha akaweka kalamu chini, akasimama, akatoka. Karatasi ilikuwa nyeupe, hata jina hakuandika. Bila mtihani huo hapati cheti, na bila cheti mwaka mzima umekwenda na maji. Huyu ni mtoto aliyekuwa wa pili darasani, Dada.

Nilipomwuliza kwa nini, alijibu, "Sikuelewa walichosema." Nikamwuliza tena. Akanijibu, "Nini?" Nikarudia, akasema "nini?" mara ya pili, mimi baba yake, nimesimama mbele yake na vumbi la kazi mwilini. Hapo nikamwambia sitaki neno lake jingine mpaka aje na "nimekosa". Hajaja.

Unasema mtoto anateseka. Njoo umwone. Anafungulia redio mpaka madirisha yanatetemeka. Milango anaibamiza. Juzi maziwa yalichemka yakafurika, kifuniko kikarushwa chini, na yeye amekaa hatua mbili kutoka jikoni anasoma kitabu, hakugeuza hata shingo. Nilitoka karakana na misumari mdomoni kuja kuzima moto. Nikamtazama, akanitazama, akarudi kwenye kitabu. Hicho ni kiburi, na kiburi hakitibiwi kwa kubembelezwa.

Kimya cha Baba mimi kilinifanya mtu. Nilijifunza kwa kukuona wewe. Ndiyo maana leo nina karakana, naamka saa kumi na moja, kochi likitoka kwangu halirudi kwa kukatika mkanda unaobeba mto. Na wewe mwenyewe kilikunyoosha. Ulikosa, ukakiri, yakaisha, hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Kuna haki gani kubwa kuliko hiyo?

Pole kwa mashine. Nina makochi sita ya ofisi moja ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo sitaandika tena karibuni.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Eti kilininyoosha. Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama kwenye meza ya pasi, nikaunguza foronya ya hospitali, na msimamizi akanitazama jicho baya. Hiyo foronya iko shingoni mwako.

Sasa nisikilize, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Unaikumbuka ile ngozi ya kahawia, ya kiti cha daktari? Baba aliinunua mbali, akaisubiri miezi. Siku moja akaikuta imekatwa fupi, upana mzima wa kiganja, haifai tena kwa kitu. Mchana ule mimi ndiye niliyefagia karakana, kwa hiyo ikawa mimi. Hakuuliza. Alinitazama tu, akageuza uso, nikajua kimya kimeanza.

Sikuigusa ile ngozi. Mkasi wenyewe nilikuwa siufikii, ulining'inia juu.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikawa najipanga, nitasema hivi, nitasema vile, ila nikikumbuka kwamba neno la kwanza lazima liwe "nimekosa", maneno yote yananikwama. Ningesemaje nimekosa kisha niseme sikukosa? Wiki ya nne nilianza kuongea na pasi. Usicheke. Nilikuwa naiuliza kama imepata moto, halafu naijibia. Siku ya thelathini na sita nikaenda mbele ya Baba nikasema nimekosa, ngozi niliikata mimi. Akasema, "Haya, keti ule." Nililia kwa furaha. Mimi nilifurahi kuwa mwongo, mdogo wangu, alimradi mtu ameniambia keti. Mwaka uliofuata niliondoka nyumbani, na kama mlidhani niliifuata kazi, basi sasa unajua.

Hicho ndicho unachokiita haki.

Kuhusu redio na milango, unashangaa nini? Mtoto anakulipiza. Umemnyamazia, naye anakupigia kelele za kukuonyesha kwamba yupo. Ningekuwa na redio wakati ule ningeipasua. Damu yetu hiyo, ubishi ameutoa kwako, usimtafute mchawi. Lakini mkubwa ni wewe. Anza wewe. Si lazima iwe hotuba, mwambie tu akupe chumvi, mwulize soksi zako ziko wapi. Ukishatoa neno moja mengine yatafuata yenyewe.

Najua Baba hakuwahi kuanza yeye. Baba amekufa. Hakuna mtu atakayetoka kaburini kukuuliza.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la pili, Chiriku ametangulia kwa la kwanza. Nimeifunga kwa gundi ya karakana, sidhani ataifungua.

Nilifanya ulivyosema. Ilinichukua siku nyingi, kila nikifika mlangoni narudi karakana. Jumanne mchana nikaacha kazi, nikanawa mikono, nikaenda. Alikuwa kwenye karai la vyombo, amenipa mgongo. Nikasimama hatua tatu nyuma yake. Nikasema, "Mwanangu."

Hakugeuka.

Nikangoja. Bomba lilikuwa limefungwa, redio imezimwa, nje hakuna gari, kwa hiyo siwezi kujidanganya kwamba hakunisikia. Nikasema tena, "Mwanangu, nimechoka na hali hii. Tuyamalize." Niliongeza na mengine, kuhusu mama yake, ambayo sitayaandika. Dada, sijawahi kumwambia mtu maneno ya namna ile. Yeye akachukua sahani, akaifuta mbele, akaifuta nyuma, akaipanga juu ya nyingine. Akachukua ya pili.

Nilirudi karakana, nikashindwa hata kushika nyundo. Nilimdharau Baba kwa ajili yenu wawili, nikamwendea mtoto wangu kichwa chini, na huo ndio mshahara wangu.

Sasa nimemwelewa Baba. Ukianza wewe umekwisha.

Mchukue. Akae kwako, afanye kazi huko kama kuna nafasi, au asome, au alale tu. Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba anakuja kwako, nikaiweka juu ya sanduku lake. Aliisoma, akafunga sanduku. Kwenye basi alikaa dirishani. Nilisimama pale mpaka likaondoka, wala hakunipungia, au labda alinipungia, dirisha lilikuwa na vumbi.

Mimi nimemaliza.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimekupigia mara sita hupokei. Basi soma, na ukiwa umesimama, keti.

Chiriku hasikii.

Simaanishi ni mkaidi. Masikio yake hayafanyi kazi. La kushoto limekufa kabisa, na la kulia linapata vishindo tu, kama mlango ukibamizwa au lori likipita. Hukudharauliwa pale jikoni. Ulimwambia mgongo wa mtoto asiyesikia.

Alipofika sikugundua kitu, na hilo nitalibeba mimi. Nilimkumbatia, nikaongea, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nikajiambia kimya kimemwathiri, atazoea. Jumamosi nikaenda naye kazini. Kule kwetu mashine zinanguruma, watu wanaongea kwa mikono na kwa midomo mikubwa, na yeye akawa anaelewana na wote kuliko nilivyotarajia. Mwenzangu mmoja wa meza ya pasi, ambaye mumewe ni kiziwi, alimtazama asubuhi nzima. Mchana mashine zilipozimwa akaniambia, "Huyu mtoto anasoma midomo." Nikamwambia acha mzaha. Akachukua sinia la bati lililojaa vibanio, akaenda nyuma ya Chiriku, akaliachia likaanguka sakafuni.

Sote tuliruka. Mwanao aliendelea kukunja taulo.

Nikachukua kalamu nikamwandikia nyuma ya karatasi ya orodha ya mashuka, tangu lini. Nimeziweka karatasi zote, nakunakilia alivyojibu, neno kwa neno.

"Likizo ya mwisho wa mwaka. Lilianza sikio la kushoto, likawa linalia kama nzi ndani ya chupa. Nikadhani maji ya kuoga. Halafu la kulia likaanza kuja na kupotea. Siku ya mtihani nilimwona mwalimu anafungua na kufunga mdomo."

Nikamwandikia, kwa nini hukumwambia Baba.

"Nilimwambia sikuelewa walichosema. Alikasirika. Baada ya hapo ilikuwa lazima nianze na nimekosa, na sikujua nimekosa nini. Nilidhani nikisema nimekosa, ataona niliacha mtihani kwa makusudi, na habari ya masikio hataiamini tena."

Nikamwuliza, sasa siku zote hizo hukuona kwamba linazidi?

"Nyumba ilikuwa kimya hata hivyo. Nilikuwa nafungulia redio ili kupima. Lakini watu hawaniambii kitu, kwa hiyo sijui ni siku gani Baba aliacha kuongea na siku gani mimi niliacha kusikia. Zimeungana."

Kesho alfajiri tunaingia kwa daktari wa masikio. Naomba upokee simu.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Sikupokea kwa sababu nilijua ni wewe na nilijua utanilaumu kwa kumpandisha basi peke yake. Hicho ndicho kilikuwa kichwani mwangu.

Daktari amesema nini? Niandikie yote, usinipunguzie. Kuna dawa? Kuna mashine za kuvaa, nimewahi kumwona mteja mmoja nayo, imekaa nyuma ya sikio kama njegere. Anaweza kupata ya namna hiyo? Niko tayari kufunga karakana nije hata leo.

Nimeifungulia redio yake kama alivyokuwa akiifungulia, nikaenda kukaa alipokuwa akikaa. Nilishindwa kukaa dakika mbili. Yeye alikuwa akikaa hapo saa nzima akitafuta sauti, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta namlaani.

Kuna jambo nililokuwa nimeapa litakwenda na mimi. Ile ngozi ya kahawia niliikata mimi. Nilipanda juu ya stuli nikautoa mkasi. Nilitaka kumshangaza Baba, aone kwamba nimejua kupima, nikapima kwa kiganja changu badala ya chake. Nilipoona imekuwa fupi nikairudisha ilipokuwa nikaenda kucheza. Jioni nikaona Baba anakutazama wewe. Nikangoja aniulize. Hakuuliza mtu. Siku ya kwanza nilikuwa nataka kusema, ya pili pia, kisha nikaona kadiri kimya chako kinavyorefuka ndivyo changu kitakavyokuwa kirefu zaidi, nikaogopa. Nilikupita kama kiti kwa sababu nilikuwa siwezi kukutazama.

Halafu nikakuandikia kwamba kilikunyoosha. Niliandika hivyo bila hata kusimamisha kalamu. Nimekaa miaka yote hii nikikisifu kile kimya kwa kila anayetaka kunisikiliza, na sasa naona ni kwa sababu kilinificha. Ningekiona kibaya, ningelazimika kujiona na mimi.

Nimekosa, Dada. Siombi uniambie keti.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Umesema nisikupunguzie.

Daktari ni mama mmoja mpole, anaandika kila kitu kwenye ubao mdogo ili mtoto asome mwenyewe. Anasema ni maradhi ya sikio la ndani, mwili wenyewe unajishambulia, na huwa yanakwenda kwa kasi. Kuna vidonge. Wakati mwingine vinasaidia sana vikianza mapema, wiki za mwanzo. Nilimwuliza, mapema kiasi gani. Alifuta ubao, akaandika, "Januari."

Ameanza kunywa hata hivyo. Wanapima sikio la kulia kila Alhamisi. Hii ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko ile iliyotangulia. Ile mashine ya nyuma ya sikio inakuza sauti iliyopo, na kwake hakuna cha kukuza. Daktari ametaja upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya kichwa, unafanyika mbali, ila kwake haoni kama utawezekana, sikio la ndani limeanza kuziba kwa mfupa. Vidonge wataviendeleza hadi katikati ya mwezi ujao. Baada ya hapo, basi.

Habari ya ngozi, nilijua. Kwenye ile stuli kulikuwa na alama ya mguu wenye vumbi, mguu wa mtoto. Niliifuta mimi mwenyewe kwa upindo wa gauni kabla Baba hajaiona. Nilidhani utakuja kusema, siku mbili, tatu. Hukuja. Na mimi sikukuuliza, wala siku nilipoondoka, wala siku ya harusi yako, wala msibani kwa wifi tulipokaa mkeka mmoja. Nilikuwa nacheka na wewe, nakutania, namfulia mwanao nguo, na ndani nimekunyamazia miaka thelathini na mbili nikingoja neno lako la kwanza liwe lile. Halafu nikajiona hodari, nikakuandikia mahubiri. Kumbe nami nimekilea kimya cha Baba, tena kwa kukipaka sukari.

Sasa umelisema na sijisikii nilivyodhani nitajisikia. Nimechoka tu. Nakuambia keti, mdogo wangu. Keti ule.

Usije kwanza. Si mimi ninayekukataza. Nilimwandikia Chiriku kwamba Baba anataka kuja, akaandika, "Akija atafanya nini? Atasimama." Mwandikie. Umekuwa ukiniandikia mimi kurasa mbili mbili kumhusu, na yeye hujamwandikia kitu zaidi ya karatasi ya juu ya sanduku.

Dada yako


30 Machi

Mwanangu,

Nimekosa.

Sheria ilikuwa kwamba neno hili ndilo la kwanza, kwa hiyo nimeanza nalo. Sheria yenyewe nimeifuta. Haitatumika tena kwa mtu yeyote anayeishi chini ya paa langu, na wewe usije ukaitumia kwa mtu.

Hukunikosea kitu. Uliniambia hukuelewa walichosema na ilikuwa kweli. Uliniuliza "nini?" kwa sababu ulitaka kusikia. Mtoto mwingine angetikisa kichwa ajifanye ameelewa, wewe uliniuliza mara mbili.

Jumanne ile ulipokuwa unaosha vyombo nilisimama nyuma yako nikaongea. Ni haki yako kujua nilichosema. Nilisema, "Mwanangu, nimechoka na hali hii. Tuyamalize." Nikasema mama yako alipokuwa amelala kitandani mwezi wa mwisho, aliniambia nisikuache ule peke yako, na kwamba tangu kimya kianze umekuwa unakula peke yako siku hamsini na moja, nimezihesabu. Nikasema nimekukumbuka na upo hapo hapo. Ni hayo tu. Hukugeuka, nikaona umenikataa, na badala ya kuja mbele yako nikakutazama uso, nikaondoka. Hatua tatu, mwanangu. Ningezitembea ningejua.

Nimezunguka mahali hapa nikitafuta cha kukuandikia zaidi. Chumba chako kiko kama ulivyokiacha. Mkuu wa shule amesema mtihani unaweza kurudiwa bila ile sehemu ya kusikiliza, ukitaka. Kama hutaki, usirudie.

Sijui kuandika barua kwa mtoto. Baba yangu hakuniandikia hata moja.

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe mbili. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza vidonge viishe.

Viliisha Jumatatu. Alhamisi walinipima, nikakaa kwenye kile chumba kidogo na vidude masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia. Sikubonyeza. Daktari aliandika kwamba hatutapima tena mpaka mwaka ujao, na kwamba anasikitika. Shangazi alilia njia nzima. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya watu.

Unaniambia hukujua. Najua hukujua. Lakini sijui kama nimekusamehe. Shangazi amesoma hapa akasema nifute, nimemwambia kwa mikono kwamba sifuti. Kuna siku nakuonea huruma, na kuna siku nakumbuka Januari ilikuwa na siku thelathini na moja na wewe ulikuwa chumba cha pili. Hiyo ya pili hunijia zaidi asubuhi. Nikisema nimekusamehe sasa, nitakuwa nimesema ili mambo yaishe, na Shangazi ameniandikia kwamba alishawahi kufanya hivyo.

Nafanya kazi ya kukunja. Kwenye chumba cha kufulia mimi ndiye pekee ambaye kelele hazimuumizi kichwa, wenzangu wananionea wivu. Yule mama wa meza ya pasi ananifundisha lugha ya mikono Jumapili. Mtihani nitarudia. Nyumbani sirudi kwa sasa. Ukitaka kuja, njoo mwezi wa sita, na uje na daftari na kalamu mbili, kwa sababu utakuwa na maneno mengi na wewe huandiki haraka. Na uniangalie usoni unapoongea, usiwe na misumari mdomoni.

Ulichosema jikoni nimekisoma mara nyingi. Nimejaribu kukisikia kichwani kwa sauti yako, "mwanangu, nimechoka", na hakiji. Maneno nayaona, sauti haimo. Naogopa sana kwamba nitaisahau, kwa hiyo nimeanza kutafuta ni kitu gani cha mwisho nilikusikia ukisema vizuri, kwa sikio la kulia, kabla halijaondoka.

Nimekipata. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kimya. Nilikuletea chai karakana, nikasimama mlangoni kwa sababu ulikuwa na mteja, bibi mmoja mwenye fimbo aliyekuja kuchukua kiti chake. Alikuwa anakishikashika mgongo, anaogopa kukikalia, pengine kiliwahi kumwangusha. Ukamshika kiwiko ukamwambia, "Kaa tu, mama. Usiogope. Nakushikilia." Polepole, namna ile. Akakaa. Mimi nikaweka chai juu ya benchi nikaondoka, na hukunitazama.

Hukuwa unaniambia mimi. Lakini ndiyo sauti yako pekee niliyobaki nayo, kwa hiyo nikitaka kukusikia, najifanya mimi ndiye yule bibi.

Mwanao